Kabla ya Kumtuma Mtoto Alete Mzazi, Chomeka Waya

Paredi ya Jumatatu. Bendera imepanda, Wimbo wa Taifa umeisha, naibu wa mwalimu mkuu ameshika maikrofoni atoe matangazo. Mara spika inafyatua gengetone. Shule nzima inaangua kicheko, viranja wanakimbizana huku na kule, na kabla ya saa nne kuna mtoto ashapewa barua ya kuleta mzazi. Spika yenyewe hakuna anayeiuliza kitu. Ijumaa inarudi uwanjani ilivyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na walimu wengi wa Nairobi. Zile spika za Bluetooth za magurudumu zilizojaa maduka ya barabara ya Luthuli, nyingi haziombi namba ya siri. Mwalimu wa zamu akienda ofisini na simu iliyokuwa ikipiga wimbo, muunganisho unakatika, taa ya buluu inaanza kumemeta, na spika inamkubali yeyote atakayeiunganisha na simu yake kwanza. Bluetooth ya simu hufika kama mita 10, na uwanjani pasipo kuta huvuka hapo. Na usijidanganye kwamba simu zimepigwa marufuku shuleni. Hata kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nyingi zina Bluetooth.

Dawa ni kubonyeza kitufe cha MODE mpaka kioo kiandike AUX au LINE, kisha kuchomeka simu kwa waya wa milimita 3.5. Nyingi zikiwa hapo hazisikilizi Bluetooth kabisa, lakini hakikisha: chukua simu ya pili, itafute spika, jaribu kuiunganisha. Dakika moja, kabla kengele haijalia.

Darasani mchezo ni wa rimoti. Simu kadhaa za Xiaomi na Infinix zina kitaa cha infraredi, ule mwanga wa rimoti usioonekana kwa macho, kwenye ukingo wa juu. Mwanafunzi anafungua programu ya rimoti, anachagua chapa ya projekta, anabonyeza mara mbili, ukuta unabaki mweupe. Hasara yenyewe huletwa na mwalimu. Projekta ya balbu ikizimwa, feni huendelea kuzunguka ili kuipoza, na haiwaki tena mpaka ipoe. Mwalimu anadhani imeharibika, anaichomoa ukutani na kuirudisha. Feni inakufa balbu ikiwa moto, na kila mara hivyo umri wa balbu unapungua. Subiri dakika mbili, basi. Kisha ziba kile kidirisha cheusi kinachopokea rimoti, na uangalie nyuma pia kwa sababu projekta nyingi zina viwili. Weka kipande cha foili chini ya tepu, maana kuna plastiki nyeusi zinazopitisha infraredi kana kwamba ni kioo. Kuanzia hapo utatumia vitufe vya mgongoni mwa mashine.

Karatasi iliyobandikwa chini ya kipanya cha kompyuta ili kisisogeze mshale? Kigeuze, kibandue, endelea na somo. Ukimwadhibu mtu kwa hilo utachekwa mpaka muhula uishe.

Ila anayechomoa na kuchomeka waya wa maikrofoni sauti ya amplifaya ikiwa juu anarusha mshindo unaoweza kuunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Na anayechokoa soketi ya ekstensheni kwa waya wa kalamu ili stima ipotee anacheza na volti 240, nyasi za uwanja zikiwa bado na umande. Huyo mwite na mzazi wake, leo leo.