Nguo Yako Iko Tayari

Kuprogramu nilijifundisha mwenyewe, usiku usiku, kwa video za bure na kunakili kazi za watu nisiowajua. Nilipoona vitu vinaanza kuwaka, nikajitangaza kuwa kampuni. Mkurugenzi mimi, fundi mimi, huduma kwa wateja mimi, ila kwenye simu nilikuwa nabadilisha sauti kidogo.

Mteja wangu wa kwanza wa kulipa alikuwa fundi cherehani, mzee mwenye mikono ya dhahabu na ahadi za "njoo kesho". Tukakubaliana nimtengenezee programu ya oda, naye anilipe nusu taslimu, nusu suti. Kila oda ilikuwa na hali yake: imepokelewa, inashonwa, tayari, imechukuliwa. Kulikuwa na kiprogramu kinachoamka kila dakika 5, kikikuta oda imegeuka "tayari" kinamtumia mwenye nguo meseji. Hicho nilikipenda kama mwanangu wa kumzaa.

Siku hiyo mzee akanipigia: gauni la mama fulani limekwama, kitufe hakiitiki. Mwenye akili angetafuta kosa liko wapi. Mimi nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata, ghala la oda zote linaloendeshwa na programu iitwayo MySQL, kwenye seva ileile inayofanya kazi, nikaandika UPDATE, amri ya kubadilisha, hali iwe "tayari", nikabonyeza Enta. Kompyuta hujibu kwa kutaja imebadilisha mistari mingapi. Nilitarajia 1. Ikasema 612.

Nikajipa moyo kwamba labda hiyo ni namba ya oda. Kumbe nilisahau kile kipande kinachoanza na WHERE, kinachoieleza kompyuta ni mstari upi hasa. Ukikisahau haikuulizi "una hakika, ndugu?" Inatii tu. Na kama hukuanzisha muamala kwanza, yaani hali inayokuruhusu kughairi kabla ya kuthibitisha, amri inahifadhiwa papo hapo, kurudi nyuma hakuna.

Bakapu, yaani nakala za akiba, zilikuwapo. Faili 90, zimejipanga kwa tarehe, zinapendeza, na kila moja ukubwa wake 0. Miezi mitatu nyuma nilibadilisha nywila ya hifadhidata, bakapu sikuiambia.

Bado nazikodolea macho sifuri hizo, simu yangu ikalia. "Ndugu mteja, nguo yako iko tayari. Karibu uichukue." Nakiri, kwa sekunde kama mbili nilifurahi. Suti yangu! Miezi mitano naisubiri! Halafu mwili ukanifa ganzi. Dakika 5 zimetimia, na kiprogramu kipenzi changu kimemwandikia kila mtu.

Nilipofika kwa fundi, watu walikuwa wamefurika hadi nje. Mmoja alikuja kuchukua shati alilokuwa amelivaa. Mama mmoja alikabidhiwa kitambaa chake ndani ya mfuko uleule, na fundo ni lile alilolifunga kwa mkono wake siku alipokileta. Akaligeuza geuza lile fundo bila kusema neno, na hapo ndipo mzee alipoanza kutokwa jasho. Alikuwa amejibanza nyuma ya cherehani, tepu shingoni, akirudia "ni kompyuta, mama, ni kompyuta". Aliponiona mlangoni akaninyooshea mkasi: "Kompyuta yenyewe ile pale!"

Hali za oda tulizirudisha moja moja kutoka kwenye daftari la karatasi, lile nililomshauri alitupe. Ila watu 14 walilipa wakabeba nguo walizozitelekeza muda mrefu, na jioni mzee akaniuliza kwa sauti ya chini kama kosa lile linaweza kurudiwa mwisho wa mwezi.

Usiku nikatafuta wa kulia naye. Nikakuta kwamba tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ambako waprogramu huhifadhi kazi zao, alifuta data za hifadhidata yake kuu, na bakapu nazo zikawaangusha. Nikapata usingizi kidogo. Nikagundua pia kwamba MySQL ina kinga: ukiifungua kwa --safe-updates, inaikataa UPDATE isiyo na WHERE. Kinga hiyo ina jina la pili, na ni rasmi kabisa: --i-am-a-dummy, yaani mimi ni mbumbumbu. Sasa naliandika kila asubuhi, herufi kwa herufi.

Suti? Ndiyo oda pekee ambayo mzee alinikataza kuigusa tuliporekebisha. Juzi nimemuuliza tena. Akavaa miwani, akaikazia macho skrini, akanigeukia:

"Mbona programu yako inasema iko tayari?"