Roboti Wamenikosesha Usingizi

Kwa kuwa yule mwenzangu wa idarani ameshawahadithia upande wake wa kile kikao nilichoumbuka na dodoso langu, tena na sauti akaigiza, acheni na mimi niseme. Kwanza, sikulia. Macho yalikuwa yanawasha tu.

Si mnajua utafiti wangu ni wa watu wanaokosa usingizi? Basi nikaenda kwenye grupu lao, nikamwomba admini ruhusa kama mtu aliyelelewa, akanikubalia. Nikaweka tangazo na linki: jaza dodoso, upate vocha. Neno VOCHA nililitanguliza juu kabisa, herufi kubwa. (Mliowahi kusaka washiriki mtandaoni mmeshaanza kucheka. Chekeni taratibu.)

Nalala, majibu 9. Naamka, zaidi ya 400! Kichwa kikavimba. Hapohapo nikamwandikia Profesa kwamba sampuli imetimia na kumwagika. Akajibu, "Safi sana binti, njoo utuoneshe kwenye kikao." Kikao cha idara nzima, jamani. Nikapiga na pasi.

Sasa hapa twende polepole, maana ndipo huyo mwenzangu anapoongeza chumvi kwenye kitu ambacho hakihitaji chumvi.

Jedwali liko ukutani, kubwa. Profesa kavaa miwani, anashuka mstari kwa mstari. "Huyu ana miaka 23," anasema, "na amekosa usingizi kwa miaka 31." Nikasema huenda kidole kiliteleza. Akashuka. "Huyu ni mwanamume. Mjamzito." Mtu nyuma akakohoa. Kikohozi kile nakijua: ni cha yule mwenzangu. "Na hawa wote wameanza saa 9:12 usiku, wakamaliza saa 9:13. Maswali 40."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu: "Lakini Profesa, si ndio watu wasiolala?"

Akanitazama juu ya miwani. Akarudi ukutani. Sasa amefika kwenye swali la wazi: nini hasa kinakukosesha usingizi? Akasoma kwa sauti: "'Kama mtu mwenye tatizo la usingizi, naona usingizi ni tatizo.'" Akashuka. "'Kama mtu mwenye tatizo la usingizi, naona usingizi ni tatizo.'" Mnadhani aliacha? Alisoma mpaka watu wakaanza kumwitikia. Watu wenye shahada zao, wanaitikia kiitikio, na mimi nimesimama mbele yao nimeshika kalamu isiyo na kazi.

Ghafla akanyamaza. "Huyu yuko tofauti."

Nikapata nguvu. Angalau mmoja!

"'Dada mtafiti, mimi ni admini. Linki yako imevuja kwa wawinda vocha, na roboti, zile programu za kompyuta, ndio wanaoijaza. Nimekutumia ujumbe inbox husomi, nimeona nikufuate humu. Au umelala?'"

Profesa akavua miwani. "Swali zuri. Ulikuwa umelala, binti?"

Kikohozi cha nyuma kikakata kamba.

Mengine mafupi. Nimechuja, wamebaki watu 11 wenye damu. Linki moja ya wote imekufa. Sasa kila mshiriki anapewa yake. Vocha imeondolewa kwenye tangazo, inatajwa ndani kwenye fomu ya ridhaa. Kuna na swali la mtego: "Hapa chagua jibu la tatu." Na wewe uliyeniuliza kwa nini nisiwafuatilie kwa anwani za mtandao za vifaa vyao (IP): fomu yangu iliahidi kwamba sitazikusanya. Ahadi niliiandika mimi, kwa lugha tamu kabisa.

Tatizo liko kwenye fomu hiyohiyo. Chini kabisa, kama utaratibu unavyotaka, niliweka barua pepe ya kamati ya maadili, ili mshiriki akionewa ajue pa kushtaki. Washiriki wa kweli huwa hawafiki huko chini. Roboti, au wenye roboti wao, wamefika. Leo asubuhi kamati imenitaka nieleze kwa maandishi kwa nini mshiriki namba 212 hajapewa vocha yake, na wameniambatishia malalamiko yake. Yanaanza hivi: "Kama mtu mwenye tatizo la vocha…"