Udongo Umepona, Migongo Je?

Masika yakikolea, ukisimama ufukweni Malindi unaiona bahari imegeuka rangi ya udongo. Ni tope la mto Sabaki, rutuba inayokwenda kufunika matumbawe. Nilikuwa na picha hiyo akilini nilipovuka daraja la Sabaki kuelekea Magarini, kutembelea kijiji ambako kaya kadhaa zimeacha mbolea na dawa za dukani. Wanafuata kilimo hai na permakalcha, yaani shamba hupangwa liige msitu: miti juu, mazao chini yake, na kinachotupwa na kimoja kiwe chakula cha kingine. Jina hilo walilitunga Bill Mollison na David Holmgren huko Australia miaka ya 1970.

Nimerudi nikiwaunga mkono. Nimerudi pia na dukuduku ambalo sisi wageni ni rahisi kulikosa, maana tunafika saa nne na kuondoka baada ya chakula cha mchana.

Ardhi yetu ya pwani ina mchanga mwingi, maji hupita na kuondoka na mbolea. Mama mwenye shamba alifukua matandazo ya majani makavu kwa kidole, chini kukawa na unyevu. Hatua kumi nje ya ua wake, udongo ulikuwa mkavu kama majivu. Ametia samadi ya mbuzi na mboji, akapanda kunde kati ya mahindi na mihogo, kwa kuwa mizizi ya kunde huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni hewani. Shamba lake halitaisafisha bahari. Tope jingi hutoka mbali sana, huko juu ambako mto huu huu huitwa Athi. Ila udongo wake yeye umebaki kwake, na hilo si dogo.

"Mwanangu, haya si ya kuletewa," aliniambia. "Nyanya yangu alilima hivi hivi." Kwa sehemu anasema kweli. Kuchanganya mazao chini ya minazi na miembe ni jambo la zamani kwa Wagiriama. Lakini enzi za nyanya, ardhi ikichoka iliachwa ipumzike, watu wakafungua konde jingine. Leo ekari ni hizo hizo mwaka hadi mwaka, na mapumziko yale lazima yalipwe kwa mboji. Mboji ni kazi.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokwama. Nyasi hukatwa na kubebwa kichwani, biwi la mboji hupinduliwa, maji hutekwa mbali. Viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya 2017, huokotwa kwa mkono mmoja mmoja, au jivu hutiwa ndani ya majani machanga ya mahindi, au mwarobaini hupondwa na kulowekwa. Ukifiwa wiki hiyo, wadudu hawakungoji. Matandazo nayo huvuta mchwa. Na karibu kila niliyemkuta akifanya kazi hizo alikuwa mwanamke. Vijana wa kiume, niliambiwa, wako mjini kwenye bodaboda. Ukihesabu pesa ya mbolea iliyookolewa, hesabu inapendeza. Ukiingiza saa za akina mama, inabadilika kabisa, na nasikitika kwamba wanaokisifu kilimo hiki mara nyingi huziruka.

Wanaokipinga hupenda kuitaja Sri Lanka. Serikali ya huko ilipiga marufuku mbolea za viwandani mwaka 2021, mavuno ya mpunga yakaporomoka, nayo ikalegeza kamba kabla mwaka haujaisha. Kwangu mfano huo unashtaki amri ya ghafla, haumshtaki mtu aliyejenga udongo wake polepole. Lakini unatukumbusha kwamba misimu ya mwanzo ardhi iliyochoka hutoa kidogo, na nyumba lazima ile. Kijijini hapo pengo lilizibwa kwa sehemu na ada za wageni kama mimi. Naliogopa tegemeo hilo. Mwaka 2020 Malindi nzima ilionja maisha bila watalii.

Soko nalo halijamtambua mama huyu. Mchicha wake huuzwa Malindi bei moja na ule uliopigwa dawa. Alama ya Kilimohai, ya kutambulisha mazao ya kilimo hai, ipo, Afrika Mashariki ina viwango vyake tangu 2007, na wakulima wanaweza kukaguana kwa vikundi badala ya kumlipa mkaguzi wa nje. Kinachokosekana ni mnunuzi. Hoteli za Malindi na Watamu zinanunua mboga kila siku. Kwa maoni yangu, kaunti ingeanza kwa kuzikutanisha na vikundi hivi kabla ya kuandaa semina nyingine.

Alinionyesha pia kibuyu cha mbegu za mahindi, kinywa kimezibwa kwa gunzi. Hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu vya sheria ya mbegu Novemba 2025, kumuuzia jirani mbegu hizo kungeweza kumfikisha kizimbani.

Nilipoaga nilimuuliza, wakija watu wa misaada angetaka nini kwanza. Hakutaja mafunzo. Alitaka mkokoteni wa punda, na tangi la maji pale penye mkorosho, ili asiteremke tena bondeni na ndoo kichwani.