Sauti za msituni zikiletwa ndani ya nyumba

Katika mikahawa na vyumba vya mapokezi mjini Moshi, si ajabu siku hizi kusikia maji yakitiririka na ndege wakilia kutoka kwenye spika zilizofichwa darini, ilhali msitu wa Rau, wenye maji na mbega wa kweli, uko pembezoni mwa mji huohuo. Wanaozitetea sauti hizo wana hoja nzito. Sauti ya maji hubeba masafa mengi, yaani sauti nyembamba hadi nzito, kwa wakati mmoja, hivyo hufunika maongezi ya meza ya jirani na sehemu ya kelele za barabarani, ingawa mngurumo mzito wa malori haufunikiki kirahisi. Mgonjwa anayesubiri zamu yake, au mzee asiyeweza tena kutembea hadi Rau, hupata utulivu ambao vinginevyo angeukosa, na sioni sababu ya kuubeza.

Hata hivyo, ukubwa wa sauti pekee hauamui namna inavyopokelewa. ISO 12913-1, mwongozo wa mwaka 2014 wa shirika la kimataifa la viwango, unazungumzia mazingira ya sauti kama mtu anavyoyapokea katika muktadha wake, jambo ambalo sisi tuliokulia chini ya mabati tunalijua bila kufundishwa: mvua ya masika inayomlazimisha mwalimu kusimamisha somo mchana ndiyo hiyohiyo inayotubembeleza usiku.

Mahali pa wazi, umbali kutoka kwenye chanzo kidogo cha sauti ukiongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Masikio mawili, kwa tofauti ndogo sana ya wakati sauti inapoyafikia, hutambua hondohondo analilia upande gani. Ndani, kuta za saruji huirudisha sauti hata ikasikika kana kwamba inatoka kila upande, na rekodi fupi inayojirudia hugunduliwa upesi, msikilizaji akabaki kumngojea ndege yuleyule.

Kwangu mimi, lililo zito zaidi ni hiari. Atembeaye msituni akichoshwa na sauti husogea. Mhudumu wa mapokezi hana pa kwenda mpaka zamu iishe. Kwa hiyo naziunga mkono rekodi hizi kwa anayejichagulia chumbani mwake. Katika vyumba vya pamoja, ningependa wenye majengo waanze na madirisha yanayofunguka upande wa bustani, pale barabara inapokuwa mbali, na spika zikilazimu, basi swichi iwe mikononi mwa wanaoshinda humo.