Kifuniko cha Chungu na Kamba ya Karnivali

Siku ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, kusini ya Unguja, mtu mzima mwenye heshima zake anaruhusiwa kumtandika jirani yake kwa kipande cha mgomba mbele ya umati. Wa upande wa kusini wanajipanga huku, wa kaskazini kule, na mwenye kinyongo cha mwaka mzima anakimaliza hapohapo. Mgomba hauvunji mfupa. Unatoa kishindo kizito chenye majimaji, unapasuka, na utomvu wake ukiingia kwenye shati hakuna sabuni itakayoutoa. Inasimuliwa kuwa zamani zilikuwa fimbo. Huku wanaume wakimalizana, wanawake waliovaa nguo zao nzuri kuliko zote wanapita wakiimba, na nyimbo zile si za kumsikilizisha mtoto. Kibanda cha makuti kinatiwa moto, watu wanarudi makwao, na atakayeufufua ugomvi uleule kesho yake anaonekana hana adabu.

Hiyo ni sherehe ya Nairuzi, mwaka mpya wa jua unaohusishwa na Waajemi, ambao siku hizi huangukia Julai. Naanzia hapo kwa sababu likitajwa neno karnivali wengi wetu tunaona manyoya na vichupi vya Rio de Janeiro tu. Kiini chake ni hiki cha Makunduchi: siku inayojulikana tangu mapema, ambayo yaliyokatazwa yanaruhusiwa. Wasomi wamebishana miaka mingi juu ya ruhusa hiyo. Inamfaa nani?

Mikhail Bakhtin, Mrusi aliyeishi chini ya Stalin, aliandika juu ya vichekesho vya François Rabelais, Mfaransa wa karne ya 16, na humo akaiona karnivali kama ulimwengu wa pili. Mfalme anavuliwa taji, mpumbavu anavikwa, tumbo linatawala kichwa, na watu wakicheka pamoja hofu inawatoka. Kitabu kilichapishwa 1965, miaka mingi baada ya kuandikwa, na ukikumbuka alikuwa akiishi wapi unaelewa kwa nini kicheko kilimshughulisha kiasi kile.

Upande wa pili yuko Max Gluckman, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Johannesburg. Aliitazama Incwala, sherehe ya kila mwaka ya ufalme wa Waswazi, ambamo mfalme anaimbiwa nyimbo za kumchukia, akasema uasi wa namna hiyo unauimarisha ufalme. Ni hesabu ya chungu jikoni: funua kifuniko kidogo, uji hautafurika. Kwa maana hiyo, anayeitoa ruhusa ndiye mwenye jiko. Na wakubwa nao wanajua kuvaa barakoa. Katika mji wa Romans, Ufaransa, mwaka 1580, matajiri waliitumia karnivali kumuua kiongozi wa mafundi na wakulima waliokuwa wamegomea kodi.

Hoja ya chungu ina nguvu, na kwa muda mrefu niliiamini. Kilichonitikisa ni historia ya Trinidad, kisiwa cha Karibi.

Kisiwa kile kilikuwa cha Wahispania, lakini kuanzia 1783 walifungulia mlango walowezi Wakatoliki, wengi wao Wafaransa, waliokuja na watumwa wao na karnivali yao. Mojawapo ya michezo ya mabwana hao ilikuwa kujifanya watumwa wa shambani na kuigiza usiku wa miwa kushika moto, pale watumwa wanapokurupushwa kwa pembe na mijeledi, mienge mkononi, kwenda kuuzima. Uhuru kamili ulipofika mwaka 1838, watumwa wa zamani waliuchukua mchezo uleule wakaufanya wao. Wakauita Canboulay, kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya miwa iliyoungua. Hebu fikiria: mtu anamwigiza bwana aliyekuwa akimwigiza yeye, na mwenge anaoushika sasa hakuna aliyemshikisha.

Mwaka 1880, kisiwa kikiwa sasa chini ya Waingereza, mkuu wa polisi, Kapteni Arthur Baker, alidai mienge na ngoma zisalimishwe, nazo zikasalimishwa. Mwaka uliofuata alipotaka kurudia, watu walimsubiri na fimbo, na mitaa ya Port of Spain ikawa uwanja wa vita usiku ule. Gavana Sanford Freeling alilazimika kwenda mwenyewe kuzungumza na umati na kuwabakiza polisi kambini. Kisha, mwaka 1884, sheria ikapiga marufuku ngoma, na pia makundi ya watu kumi au zaidi wenye fimbo. Oktoba ya mwaka huohuo, kule San Fernando, polisi waliwafyatulia risasi vibarua wa Kihindi waliokuwa katika maandamano ya Muharram ya kumlilia Imamu Hussein, wakaua wengi. Serikali inayoamini sherehe ni kifuniko tu haitumii risasi.

Hata hivyo kwangu jambo zito zaidi lilikuja baadaye. Ngoma zilipokatazwa, watu walikata mianzi ya urefu tofauti wakaitwanga chini ipate kulia. Kufika miaka ya 1930 mianzi ikaanza kupisha makopo, sufuria na vyuma vya magari, na baadaye mapipa ya mafuta yaliyofinywa kwa nyundo hadi kila bonde likatoa noti yake. Ndiyo steelpan, ambayo Trinidad na Tobago iliitangaza kuwa ala ya taifa mwaka 1992. Hapo Gluckman ananiacha njiani. Ruhusa inakwisha Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, sawa, lakini ufundi uliopatikana siku ile haurudishwi stoo pamoja na mavazi.

Huku kwetu beni inasema hivyohivyo. Ngoma hii iliyoanzia pwani ya Kenya miaka ya 1890 iliiga gwaride la wazungu, ikiwa na tarumbeta, magwanda na vyeo vya jenerali na mfalme. Tanganyika ilikuwa na vyama vya beni vya Marini na Arinoti, na ushindani wao ulikuwa wa kufilisiana. Kuna waliowacheka wachezaji kuwa ni kasuku wa mkoloni. Lakini chini ya magwanda kulikuwa na michango, mazishi, wageni wanaopokewa na barua zinazotoka mji hadi mji. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, walipogoma mwaka 1935, tume iliyochunguza mgomo ilijikuta ikiuliza habari za ngoma ya Mbeni, yaani beni ya kule.

Hata hivyo sitaki kuwasifia wanakarnivali kupita kiasi. Earl Lovelace, Mtrinidad, katika riwaya yake *The Dragon Can't Dance* ya mwaka 1979, ana kijana anayeitwa Aldrick ambaye kazi yake ya mwaka ni kushona vazi la joka. Baadaye yeye na wenzake wanaliteka gari la polisi, wanazunguka nalo mjini wakihutubia kwa kipaza sauti, na polisi wanawaacha tu wazunguke. Mwisho wao ni jela. Walijua kuonekana, cha kuwaambia watu wafanye hawakuwa nacho.

Halafu iko kamba. Salvador, Bahia, kule Brazili, anayelipia fulana ya kundi, iitwayo abadá, anacheza nyuma ya gari la muziki ndani ya kamba. Kamba hiyo inashikwa kwa ujira mdogo na vijana wengi wao weusi, na kazi yao ni kuwazuia weusi wenzao wasiolipa, wanaoitwa bisi kwa sababu wanarukaruka nje. Bwana wa shamba wa 1783 angeielewa picha ile bila mkalimani.

Masheikh wanaosema Nairuzi si sikukuu ya Kiislamu wana hoja yao, na Wamakunduchi wameisikia siku nyingi. Mimi ninachokihofia Makunduchi ni kamba, siku watalii watakapokuwa wengi kuliko wenyeji na mtu akaona busara kutenga jukwaa. Sasa hivi mwanamke anayeimba kijembe anamwimbia shoga yake uso kwa uso, hatua mbili tatu, naye hana pa kujificha ila ajibu. Mpandishe jukwaani, mpe kipaza sauti na dakika kumi za ratiba. Yule aliyeimbiwa atapiga makofi na wageni.