Madesu ya Asubuhi

Nimewahi kunywa chai ya watu wengine katikati ya Ziwa Kivu, chai kamili na sahani mbili za sambaza, wale samaki wadogo, huku wenyewe wamesimama pembeni wakinibembeleza niongeze. Tangu siku hiyo mashemeji zangu pale Bukavu wameacha kuniita kwa jina. Wananiita Inspekta.

Lawama naipeleka kwa shemeji yangu mdogo, yule anayefua mashuka kwenye meli mojawapo ya starehe zinazotoka Miami kuzunguka visiwa vya Karibi. Ilikuwa mwaka 2019. Mama yao alikuwa Goma kumwona mjukuu mchanga, na mimi nikatumwa kwenda kumrudisha Bukavu kwa boti ya usiku. Shemeji akatuma pesa pamoja na ujumbe wa sauti: mama asilale juu ya magunia, mama achukuliwe VIP, kabini yenye mlango. Kisha, kwa kuwa siku hiyo intaneti yake ilikuwa na nguvu, akaendelea kwa dakika nane kunieleza jinsi abiria wao wanavyokula asubuhi.

Kumbe kule mtu haamki akiuliza kama chakula kipo. Anaamka akijiuliza akale wapi. Kuna ukumbi mkubwa wa chini, ambako unasindikizwa mpaka kwenye kiti, unawekewa kitambaa mapajani, unaulizwa yai lako liive kiasi gani. Kuna bufee ya ghorofa za juu karibu na bwawa la kuogelea, unajipakulia mpaka sahani inalia, ila meza za dirishani zinagombaniwa kama viti vya basi. Kuna migahawa ya kulipia zaidi. Na kuna wale wasiotaka kuonana na binadamu kabla ya kunawa uso: hao usiku wanatia alama kwenye karatasi, wanaitundika kwenye kitasa cha mlango kwa nje, asubuhi mtu anabisha na sinia.

"Na sisi wafanyakazi tuna mesi yetu, chumba chetu cha kulia," akamalizia, "abiria hakanyagi kabisa."

Hiyo ya mwisho niliisikia kwa sikio moja. Ile ya karatasi ndiyo iliyoniingia, kwa sababu nilikuwa na shida yangu. Katika ukoo wetu mkwe hatafuni mbele ya mama mkwe. Kulala naye chumba kimoja ndiyo usiseme kabisa. Na shemeji, sijui Karibi ilimsahaulisha nini, alikuwa ametulipia kabini moja yenye vitanda viwili.

Nikapanga hivi: mama alale kabini, mimi nilale saluni ya VIP kwenye kiti. Asubuhi yeye aletewe chai mlangoni, mimi nitafute mahali pangu pa kula, mbali na macho yake.

Pale bandari ya Goma tulinawa mikono kwa maji ya klori na kupimwa joto kwenye paji la uso, maana Ebola ilikuwa imeingia mjini mwezi wa saba. Mama mkwe alikuwa amekumbatia kikapu: termosi, viazi vitamu, sambaza zilizokaangwa na kufungwa kwenye jani la mgomba.

"Mama," nikamwambia kwa heshima zote, "watu wa VIP hawatembei na kikapu. Chai iko ndani ya tiketi."

"Mukwe, weye tembea na tiketi. Mimi natembea na kikapo."

Ili kupoza mambo nikampa somo. Ni ugonjwa wa kazi, mimi ni mwalimu wa jiografia. Nikamweleza kwamba ziwa letu liko kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi, kina chake kinakaribia mita 480, na kule chini kumelala gesi, kaboni dioksidi na methani, methani peke yake kama kilomita za ujazo 60. Mama mkwe akasimama katikati ya ubao wa kupandia, watu wakajaa nyuma yake, akatoa rozari. Tulipanda boti fumbo zima la rozari lilipokwisha.

Usiku, Goma ilipobaki taa chache nyuma yetu, nilitoa daftari, kalamu nyekundu na rula. Nikachora jedwali zuri lenye safu nne: Kitu, Idadi, Hali, Maoni. Kwenye Hali nilikusudia kuonyesha kama yai ni la kukaanga au la kuchemsha. Nikaandika chai ya maziwa, mkate, mayai mawili, ndizi. Kamba ya kutundikia sikuwa nayo, nikachomoa ya kiatu cha kushoto. Nikaitundika fishi yangu, yaani hiyo karatasi, kwenye kitasa, nikaenda saluni kulala mbele ya filamu ya Nigeria iliyokuwa ikipiga kelele kwa sauti ya mwisho. Kisiwa cha Idjwi tulikipita hivyo, mimi nikiota nabishiwa mlango na sinia.

Saa kumi alfajiri njaa ikaniamsha. Nikaenda kwenye mlango wa mama huku kiatu cha kushoto kikipiga sakafu pa, pa, pa. Fishi ilikuwa bado inaning'inia, ila ilikuwa imeongezeka. Mtu aliandika: "Kabini 5, mayai 4, chai bila sukari, niko na ugonjwa." Mwingine: "Kabini 2, uji wa mtoto." Chini kabisa, kwa mwandiko wa kulala, bia: "Primus 1, baridi." Basi nikawa mhudumu wa abiria nisiowajua.

Nikaanzia kaunta ya saluni. Kijana wa pale alikuwa na biskuti na maji ya moto.

"Mayai?"

"Hakuna."

"Mkate?"

"Hakuna. Papa, si tunafika saa kumi na mbili? Batu banakunywaka chai kwao."

Kila alichonijibu nilikiandika kwenye safu ya Maoni kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa. HAKUNA. HAKUNA. HAKUNA. Nilipofika kwenye Primus ndipo akasema iko, lakini ya moto.

Nje, kati ya magunia, kulikuwa na mama mmoja anayekaanga mandazi. Ningekula pale, nisidanganye, harufu ilikuwa inaita kwa jina. Lakini aliyekuwa mbele yangu alichukua sita, za mwisho, akanitazama huku anazihesabu.

Ndipo pua ikanasa kitu kingine kutoka kwenye ngazi ya kwenda chini: sambaza kwenye mafuta ya moto, na pilipili. Nikashuka. Nikakuta chumba kidogo chenye meza iliyotandikwa nailoni ya maua, sahani imejaa sambaza, mkate, termosi ya chai, na sufuria ya maharagwe ikitokota pembeni. Hapakuwa na mtu. Nikajisemea: naam, ndio ule ukumbi mkubwa wa chini.

Nikaweka fishi na kalamu nyekundu mezani, nikafunga kifungo cha koti, nikasubiri kuulizwa habari za yai. Hakuna aliyekuja. Nikahitimisha kwamba ukumbi wa kwetu ni wa kujihudumia, nikajihudumia. Sambaza zile! Unajua, huyu samaki si mwenyeji wa Kivu. Alitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akatiwa humu, akazaliana kana kwamba ziwa ni la babu yake. Nami nilikuwa nimekaa pale kwa moyo uleule.

Nilikuwa kwenye sahani ya pili walipoingia wanaume wawili wenye ovaroli za grisi. Wakanitazama mimi. Wakatazama koti. Wakatazama ile karatasi yenye mistari ya rula, Idadi, Hali, na HAKUNA tatu nyekundu. Mmoja akavua kofia.

"Shefu, mumeamuka muzuri? Hatukuambiwa kama mutakuya leo."

Nikaona kweli VIP ina heshima yake. "Nimekuja kimya kimya," nikasema, "sikutaka kusumbua."

Wakaangaliana.

"Usiku kucha karatasi yangu iko pale juu na hakuna aliyeijali," nikaendelea, kwa sauti ileile ninayotumia nikirudisha mitihani. "Imebidi nishuke mwenyewe nijionee."

Mkubwa wao akaanza kujifuta jasho kwa kitambaa cha mafuta, akaacha mstari mweusi mpaka sikioni. Akanimiminia chai. Akasogeza mkate. Kisha akainama akanong'ona:

"Shefu, tusikilizane. Tukupatie madesu?"

Hapa niwakumbushe wasomaji wa mbali: madesu ni maharagwe kwa Kilingala, lakini Kongo nzima inajua kwamba madesu ya bana, maharagwe ya watoto, ni kile kitu kinachopita chini ya meza ili faili isogee. Mimi pia nalijua hilo. Ila mtu akiwa anatafuna husikia kwa tumbo, na sufuria ya maharagwe ilikuwa inatokota palepale.

"Hapana, asante," nikasema. "Madesu sigusi asubuhi. Yananijaza gesi, na ziwa hili lina gesi ya kutosha."

"Hata kidogo?"

"Hata kijiko."

"Ya batoto nyumbani, shefu?"

"Watoto wangu nimewazoesha mkate."

Yule mdogo akatoka mbio. Alirudi na kapteni, shati limefungwa vifungo vya kukosana, na kapteni hakuniuliza jina. Alisema tu: "Shefu, tuanzie kwa jile za uokoaji ama kwa mashini?"

Nilielewa hapo. Naapa nilielewa. Ningeweza kusimama nikaeleza yote, kuanzia Karibi mpaka kamba ya kiatu. Lakini sahani mbili zilikuwa zimeshashuka, na mdomo uliojaa haukatai cheo.

"Kwa jile," nikasema, yaani yale makoti ya kuokolea majini.

Tukapanda, kapteni mbele na tochi, mimi katikati, fundi nyuma amebeba kikombe changu cha chai. Kulikuwa kunapambazuka. Wavuvi wa sambaza walikuwa wanarudi na mitumbwi yao ya tatutatu iliyounganishwa kwa miti, wanaimba, taa zao bado zinawaka. Jile moja ilikuwa mto wa mtoto, nyingine ilikuwa mto wa padri. Kila tulipomwinua mtu kichwa, kapteni alimwambia: "Samahani, ni kontroli." Nilihesabu mpaka 43. Kwenye ya 44 nilipanda benchi, kiatu cha kushoto kikanitoka, kikatua kwenye beseni la yule mama wa mandazi. Fundi akakifuata, akakipangusa, akanivisha. Sijawahi kuvishwa kiatu tangu nibatizwe.

Nuru ilipotosha kuona vilima vya Bukavu, akatokea mzee mnene, amejifunga taulo.

"Weye ndiye wa fishi? Mayai yangu ine iko wapi?"

"Mayai gani?" akauliza kapteni.

Mzee akanipokonya karatasi, akaisoma kwa sauti, kuanzia chai ya maziwa mpaka Primus baridi. Kapteni akaichukua, akaisoma tena bila sauti. Nilisikia mashini ikihema chini ya miguu yetu.

"Shefu," akasema polepole, "mumekuja kukagua mayai?"

Na hapo, kama ilivyoandikwa kwa watu wenye bahati yangu, mlango wa kabini ukafunguka. Mama mkwe akatoka amejitanda kitenge, kikapu mkononi, chepesi kuliko jana.

"Baba Aksanti, tumefika. Na hawa benye wanakuzunguka?"

"Mama, munajua huyu inspekta?"

"Inspekta?" Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. "Huyu ni mukwe yangu. Anafundishaka jeografia."

Fundi akaninyang'anya kikombe. Kapteni akaomba kalamu yangu nyekundu, na kwenye jedwali langu mwenyewe, kwenye safu ya Idadi, akaandika: sambaza sahani 2, mkate nusu, chai vikombe 3. Jumla, dola 5. Nilikuwa na 3. Mama mkwe akageukia ukutani, akafungua fundo la kitenge, akatoa mbili. Mwanamke ambaye hakutakiwa hata kuniona nikitafuna, alinilipia nilichotafuna. Mzee wa kabini 5 naye alipewa kiazi kitamu kutoka kwenye kikapu, akatulia.

Kabla hatujafika nyumbani, mtaa wa Essence, ujumbe wa sauti ulikuwa umeshatumwa Miami, dakika kumi na moja, sehemu kubwa kicheko. Jibu lilikuja jioni.

"Shemeji, si nilikuambia mesi ya wafanyakazi haikanyagwi? Huku ungeshushwa bandari inayofuata!"

Nikamjibu kwamba hata mimi nilishushwa bandari iliyofuata. Bahati nzuri, ndiyo bandari iliyokuwa kwenye tiketi.