Kwa Nini Gari la Kisasa Hukunjika Kama Kopo

Gari lililopata ajali likiletwa gereji, hukumu ni ileile. Mzee mmoja anagonga boneti ya kigari cha Kijapani kwa vifundo vya vidole, bati linabonyea, anacheka: "Hili nalo gari? Ungeigonga hivi Peugeot 504, ungeumia wewe mkono." Waliomzunguka wanaitikia. Na heshima ya 504 haikuokotwa: ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na kwa miaka mingi ilisafirisha abiria wa masafa marefu Kenya huku imejaa pomoni.

Mzee ana haki kuhusu bati. Ila swali alilolijibu ni la gari litakuwaje baada ya ajali, na la dereva hakuligusa.

Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hubeba nishati mara nne ya lile linalokwenda 50. Likigonga ukuta, nishati hiyo lazima imalizikie mahali. Bodi ikigoma kukunjika, gari husimama papo hapo. Wewe uliye ndani bado unakwenda 100, na wa kukupokea ni usukani. Boneti ikikunjika nusu mita, unasimama pamoja na gari, kwa muda mrefu kidogo zaidi. Ni sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini mbavu zinaijua. Dondosha yai kwenye saruji, kisha jingine kwenye gunia la pumba, utaelewa.

Wanaosema watengenezaji wa siku hizi wamebana bati ili wapate faida wangeangalia tarehe. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, aliliwekea wazo hili hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mapema miaka ya 1950: mbele na nyuma pakunjike, katikati walipokaa watu pabaki pagumu. Mwaka 1959 likaingia kwenye magari ya kuuzwa, mwaka uleule ambao Nils Bohlin wa Volvo alileta mkanda wa usalama wa pointi tatu, ule unaopita begani na kiunoni. Hiyo 504 inayosifiwa ilitoka 1968.

Kwa anayetaka kuona kwa macho, lipo jaribio la mwaka 2009 la IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani. Waligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, uso kwa uso upande wa dereva, kwa kilomita 64 kwa saa. Bel Air ndiyo iliyokuwa ndefu, yenye pua ya chuma ambayo mzee wetu angeipigia makofi. Chumba chake cha abiria kilibomoka, na vipimo vya sanamu la majaribio lililoketi kwenye usukani badala ya mtu vilionyesha kuwa dereva angekufa. Malibu iliharibika vibaya mbele, chumba kikabaki. Dereva wake angetoka na jeraha dogo la mguu. Nimeitazama video hiyo mara nyingi, na kila mara macho yangu huishia kwenye ule mlango wa Malibu uliobaki umbo lake.

Upande wa pili una hoja nzito, nayo ni pesa. Kabureta ya zamani fundi aliifungua chini ya mwembe kwa bisibisi. Leo sensa moja ikifa, gari linataka kompyuta ya kulipima, na ajali ndogo inaondoka na bampa, rejeta, taa na mifuko ya hewa kwa mkupuo. Kwa mtu anayelitegemea gari kutafuta riziki, hilo ni pigo.

Na ndipo linapozaliwa tatizo ninaloliogopa zaidi. Sehemu ya kukunjika hufanya kazi mara moja tu. Likivutwa, likagongwa kwa nyundo, likapigwa puti (ule ujiuji wa kuziba mabonde ya bati) na rangi, gari linang'aa, lakini mihimili iliyokwisha kukunjwa haitapokea kishindo cha pili kama ilivyopokea cha kwanza. Mnunuzi anayefuata hajui. Kwa hiyo ukienda kuangalia gari lililotumika, beba sumaku ndogo: pale puti ilipo nene haishiki. Kisha inua zulia la buti, na utazame kama mishono ya kulehemu ya kushoto inafanana na ya kulia.